Joka, Panzi na Chanja: London kwa Anayetazama Mapaa

Oktoba 1688 watu wa London walikuwa wakitembea vichwa juu. Ng'ambo ya bahari, Uholanzi, William wa Orange alikuwa amekusanya meli kwa mamia na jeshi zima, akingoja upepo wa mashariki umvushe aje kumng'oa baba mkwe wake, Mfalme James wa Pili. Upepo ukivuma kutoka magharibi, William amefungiwa bandarini. Ukigeuka ukatoka mashariki, yuko njiani. Hakukuwa na simu wala telegrafu ya kuleta habari hiyo. Ilikuwa juu ya mapaa na minara, na kila aliyeinua macho aliisoma, awe waziri au mchukuzi wa mizigo.

Kimoja cha vionyesha-upepo vya enzi hizo bado kiko mahali pake, nami nilikwenda London hasa kwa ajili yake na wenzake. Juu ya paa la Banqueting House, mtaa wa Whitehall, upande wa kaskazini, kuna kionyesha-upepo chenye mwaka 1686. Nilikitazama kwa darubini kutoka ng'ambo ya barabara, pamoja na mpwa wangu anayesomea uhandisi huko, mabasi mekundu yakitupita. Simulizi ya mji inasema James mwenyewe ndiye aliyeamuru kiwekwe, ili ajue bila kutoka kwenye kasri lake kama upepo wa siku ni wa Kiprotestanti au wa Kikatoliki. Ndivyo watu walivyoziita pepo hizo mbili: wa mashariki ungemleta adui yake Mprotestanti, wa magharibi ulimlinda yeye Mkatoliki. Jumba lenyewe ni kazi ya msanifu Inigo Jones, lilikamilika 1622, na ndilo jengo kubwa la Kasri la Whitehall lililonusurika moto wa 1698. Nje ya kuta zake, tarehe 30 Januari 1649, Charles wa Kwanza, baba yake James, alikatwa kichwa mbele ya umati. Sidhani mtu aliyempoteza baba mahali hapo angeweza kulitazama paa lile kwa moyo mtulivu.

Safari ya kwanza ya William ilirudishwa na dhoruba. Mwanzoni mwa Novemba upepo ukageuka, ukashika mashariki, na merikebu zake zikapita mlango-bahari wa Dover zikiwa zimetanda. Upepo uleule ukazizuia manowari za James zisitoke kwenye mdomo wa mto Thames kwenda kumkabili. Tarehe 5 Novemba, kwa kalenda ya Waingereza wa wakati huo, William alishuka pwani ya Torbay, kusini-magharibi. Kabla mwaka haujaisha James alikuwa amekimbilia Ufaransa.

Mtu aliyekulia Mombasa hahitaji kuelezwa sana kwa nini mfalme auangalie upepo. Mji wetu ulijengwa na kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, na kusi iliyoyarudisha kwao. Kilichonifikirisha ni kwamba, pamoja na kuutegemea upepo kiasi hicho, utamaduni wetu wa ujenzi haukuweka vyombo vya kuuonyesha juu ya mapaa. Naona sababu ni upepo wenyewe. Kaskazi ikishaingia mwishoni mwa mwaka hukaa hadi mwezi wa tatu. Kusi nayo ikishika hutawala kwa miezi, na inapofikia ukali wake majahazi hupandishwa pwani yakangoja. Kwa hiyo manahodha wetu walihesabu siku. Walianza na Siku ya Mwaka, wakaenda kwa miongo, kumi baada ya kumi, na hesabu hiyo ndiyo iliyowaambia lini watweke tanga. Waingereza hawakujaliwa upepo wa namna hiyo. Asubuhi unatoka Atlantiki, jioni umegeuka, kesho haujulikani. Hapo hesabu haisaidii, lazima utazame.

Aliyeshinda hakuusahau upepo uliomvusha. William na mkewe Mary walinunua nyumba Kensington mwaka 1689, maana moshi wa Whitehall ulimzidishia William pumu, nayo ikakuzwa kuwa kasri. Katika ukumbi uitwao King's Gallery, juu ya meko, kuna duara kubwa lenye mshale, limechorwa ramani ya Ulaya ya kaskazini-magharibi. Ni kazi ya mwaka 1694. Mshale umeunganishwa kwa vyuma vinavyopita ndani ya jengo hadi kwenye kionyesha-upepo kilichoko juu ya paa. Upepo ukigeuka nje, mshale unageuka ndani. Mfalme alijua bila kufungua dirisha kama manowari zake zingeweza kutoka, na kama meli ya barua kutoka Uholanzi ingechelewa. Mtambo huo ungali unafanya kazi. Nilipokuwa pale mshale ulikuwa ukisitasita kati ya magharibi na kusini-magharibi, na wageni wengi walipita wakitazama michoro iliyotundikwa kuta zote, bila kujua kwamba kitu kimoja ukutani kilikuwa kikisema jambo la dakika hiyo hiyo.

Makao ya zamani ya jeshi la majini, hukohuko Whitehall, nayo yana mshale wa aina hiyo katika chumba cha baraza, mahali ambapo kwa vizazi maadmirali waliamua manowari ziende wapi. Mpita njia haingii humo kirahisi. Duara la Kensington linanivutia sana, lakini moyo wangu uko nje. Mshale wa ndani ni habari ya mtu mmoja. Kilichoko juu ya mnara ni habari ya mji mzima, na ndiyo maana mafundi wa mjini walikipa umbo na dhahabu: ili macho ya kila mtu yavutwe huko.

Ushahidi mzuri wa hilo uko Cheapside, katika City, ile maili moja ya mraba ambayo ndiyo London ya asili. Kanisa la St Mary-le-Bow liliungua katika Moto Mkuu wa 1666, Christopher Wren akalijenga upya, na mnara wake ukakamilika 1680. Juu kabisa, zaidi ya mita 60 kutoka barabarani, kuna joka la shaba nyekundu lililopakwa dhahabu, lenye urefu wa karibu mita 2.7 kutoka pua hadi ncha ya mkia. Chini ya mbawa zake kuna msalaba wa Mtakatifu George. Aliyelifua ni fundi wa shaba Robert Bird. Lakini kabla ya Bird kugusa nyundo, mchongaji Edward Peirce alilipwa pauni 4 kwa kazi mbili: kuchonga joka la mti liwe mfano, na kukata umbo lake kwenye ubao mwembamba lipandishwe juu ya mnara, ili waliosimama chini waone kama ukubwa wake unafaa.

Habari ya ubao huo niliipenda kuliko zote nilizokutana nazo safarini. Wale watu walielewa kwamba kitu kinachotazamwa dhidi ya anga hakina uso, kina ukingo tu. Magamba yote ya joka, macho, meno, unaweza kuyachonga kwa ustadi wa hali ya juu na mtu wa barabarani asione hata moja. Atakachoona ni mstari wa mgongo, kona ya bawa, mkunjo wa mkia. Kwa hiyo walijaribu ukingo kwanza, mahali penyewe, kwa macho ya watu wenyewe. Dhahabu ilikuja mwisho, imefuliwa hadi ikawa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, nayo haikuwa anasa tupu. Huizuia shaba isigeuke kijani kwa hewa na mvua, na jua hafifu la nchi ile likipenya mawingu hata kidogo, joka linawaka.

Mpwa wangu alikuwa akitazama kitu kingine.

"Mjomba, angalia mkia," akaniambia. "Huo mkia ndio mashine yenyewe."

Akanieleza tukiwa tumekaa kwenye benchi la uwanja wa kanisa. Uzito wa mbele na wa nyuma ya mhimili lazima ulingane, la sivyo chombo kitaegemea upande mmoja, kisage msumari kinaozungukia, kisha kikwame. Lakini eneo linalopigwa na upepo lazima liwe kubwa zaidi nyuma. Upepo huusukuma mkia mbali, na kichwa hubaki kikitazama unakotoka. Fundi basi ana mizani mbili za kuridhisha kwa mwili mmoja: uzito sawa, eneo si sawa. Ndiyo maana kichwa cha kionyesha-upepo mara nyingi huwa kizito na kidogo, pengine kimejazwa risasi, na mkia huwa mpana na mwepesi. Kwa kipimo hicho jogoo ni mnyama aliyezaliwa kwa kazi hii, kwa kuwa mkia wake ni tanga tayari. Farasi anamsumbua fundi sana, kwani mwili wake umelingana mbele na nyuma, hivyo mhimili lazima usogezwe kuelekea kifua.

Karibu na mwaka 1820 mnara wa Bow ulifanyiwa matengenezo, na joka likashushwa. Wanaosimulia wanasema kijana mmoja wa Kiayalandi alishuka nalo akiwa amelipanda mgongoni, akilisukuma kwa miguu lisigonge mawe ya mnara, maelfu wakimtazama. Kwa mabomu ya Mei 1941 kanisa liliteketea na kengele zake mashuhuri zikaanguka. Mnara ulibaki umesimama. Joka lingali linazunguka.

Ukiendelea mashariki hatua chache unafika Royal Exchange, na juu yake kuna panzi wa dhahabu. Nyumba hii ya biashara ilianzishwa na Sir Thomas Gresham, naye Malkia Elizabeth wa Kwanza akaifungua mwaka 1571. Panzi alikuwa nembo ya ukoo wa Gresham. Hadithi ya kifamilia inasema babu yao alitupwa majanini akiwa mchanga, na mlio wa panzi ndio uliomvuta mtu akamwokota. Jengo la kwanza liliungua 1666, la pili 1838, na la sasa lilifunguliwa 1844. Panzi amerudi kila mara. Ukifikiria waliokuwa wakikutana chini yake, utaona hakuwa pambo la bure. Thames inatoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo upepo wa mashariki ndio uliopandisha meli kutoka baharini hadi London, na wa magharibi ndio uliozitoa. Mfanyabiashara mwenye shehena ya pilipili au sukari alijua kwa kumtazama panzi kama bei ingeshuka wiki ile.

Panzi huyu alizaa mwingine ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1742 fundi Shem Drowne alimfua panzi wa shaba kwa ajili ya Faneuil Hall ya Boston, akamtia macho ya kioo, naye bado yuko juu ya jengo hilo.

Kati ya majitu hayo kuna vionyesha-upepo vidogo ambavyo mtu asipoambiwa atavipita. St Peter upon Cornhill ina ufunguo, kwa kuwa Petro ndiye aliyekabidhiwa funguo za mbinguni. Juu ya St Nicholas Cole Abbey kuna meli iliyohamishwa kutoka kanisa la St Michael Queenhithe lililobomolewa 1876. Queenhithe palikuwa gati la nafaka, na wazee walisema tumbo la meli ile linaweza kubeba pishi kadhaa za ngano. Kilichonigusa zaidi ni cha St Lawrence Jewry. Mtakatifu Laurenti aliuawa Roma mwaka 258, na mapokeo yanasema alichomwa juu ya chanja ya chuma. Kanisa lake likachukua chanja kuwa alama, ikapandishwa mnarani ielekeze upepo. Usiku wa 29 Desemba 1940 kanisa hilo nalo likachomwa, na bomu la moto. Walipolijenga tena walitengeneza chanja mpya, na ndani ya umbo lake wakaingiza mfano wa bomu lile. Mtakatifu na kanisa lake waliteswa kwa moto, na mambo yote mawili yanazunguka pamoja kwenye msumari mmoja. Sijaona kumbukumbu ya vita iliyosema mengi kwa chuma kidogo namna hii.

Mambo haya ni ya kale kuliko London yenyewe. Athene bado ina Mnara wa Pepo, jengo la marumaru lenye pande nane lililojengwa na Andronikos wa Kyrrhos kabla ya Kristo. Kila upande umechongwa sura ya upepo mmoja akiruka angani, na juu yake, kwa maelezo ya Vitruvius, alisimama Triton wa shaba aliyeshika fimbo. Fimbo ilisimama juu ya sura ya upepo unaovuma wakati huo. Waskandinavia wa zama za Viking walitumia vibao vya shaba vilivyopakwa dhahabu, umbo la robo duara, ambavyo baadaye viliishia juu ya makanisa kama Heggen kule Norwei na Söderala kule Uswidi. Cha Söderala kimetobolewa wanyama waliosokotana, anga ikionekana kati ya viungo vyao. Wao pia walikuwa wamegundua siri ya ubao wa Peirce.

Jogoo aliletwa na kanisa. Petro alimkana Yesu kabla jogoo hajawika, na ndege huyo juu ya mnara akawa onyo kwa waumini wote. Wa kale kuliko wote waliosalia yuko Brescia, Italia, katika jumba la makumbusho la Santa Giulia. Alitengenezwa karne ya 9 kwa amri ya Askofu Ramperto, akakaa juu ya mnara kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kushushwa. London yenyewe ina ushahidi wake katika kitambaa kilichotariziwa cha Bayeux. Pale kanisa la Westminster Abbey linapoonyeshwa, lile lililotabarukiwa tarehe 28 Desemba 1065, kuna mtu amepanda paani anaweka jogoo. Aliyetarizi alitaka tujue kanisa limekamilika, na hakupata njia nyepesi ya kulisema kuliko hiyo.

Leo upepo wa City si ule ambao Wren aliujengea. Mashariki ya Cheapside yamesimama maghorofa ya vioo, nayo huukamata upepo wa juu, huushusha barabarani na kuuzungusha kwenye kona. Mwaka 2019 Halmashauri ya City ilitoa mwongozo unaowataka wajenzi wapime mapema upepo wa majengo yao utakavyowapata wapita njia na waendesha baiskeli. Nimefurahi kwamba suala la upepo limerudi mezani pa wakubwa. Vyombo vya minara mifupi sasa vinasema habari za jirani zaidi kuliko za bahari, lakini vinazunguka, na kitu kinachozunguka bado kinasoma.

Tulimalizia Lord's, uwanja wa kriketi, kwa sababu ambayo ni ya kwetu. Hapo kuna Mzee Wakati, mtu mwenye ndevu na mundu mrefu, ameinama juu ya vijiti vya wiketi anaondoa vile vijiti vidogo vya juu mchezo ukiwa umekwisha. Alitolewa zawadi mwaka 1926 na Sir Herbert Baker, msanifu wa jukwaa kuu la wakati huo. Baker huyu ndiye aliyechora ikulu za Nairobi na Mombasa. Nimepita karibu na ile ya Mombasa tangu utotoni, na sikutarajia kukutana na mkono wake katika ukingo wa mzee aliyeinama dhidi ya mawingu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waya wa puto la ulinzi ulimnasa Mzee Wakati ukamwangusha. Mwaka 2015 dhoruba ilimvunja, akatengenezwa, akarudishwa juu. Inafaa kumwona katika ziara ya uwanja siku isiyo na mechi, mtu apate nafasi ya kusimama.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba ningependa kuona jahazi la shaba juu ya mnara mmoja karibu na bandari ya kale ya Mombasa, limefuliwa na mafundi wetu wa jua kali. Akatoa daftari akaanza kuchora papo hapo, na tatizo likajitokeza mara moja. Mlingoti wa jahazi umeinama mbele na tanga limetanda kuelekea omo, kwa hiyo upepo ungelisukuma omo na chombo kingeenda kinyumenyume. Alichora, akafuta, akachora tena. Mwishowe mhimili ulikuwa mbele ya mlingoti, omo limejazwa risasi kusawazisha uzito, tanga limetobolewa upepo upite, na bendera pana ya shaba imesimama kwenye tezi kuvuta nyuma. Kabla hatujaondoka pale akaniuliza kama ninamfahamu fundi yeyote Mombasa anayefua shaba nyekundu, kwa sababu mabati, alisema, chumvi ya kwetu ingeyala mapema.